Upepo Uliolala kwa Bustani

Kwa Goma, mutu akitaka kulima anaanza kwanza kutafuta udongo. Volkano ilimwaga moto, moto ukawa jiwe, na jiwe halioteshi mboga ya lengalenga. Ndiyo maana Uwimbabazi alipoona kishimo nyuma ya nyumba waliyopanga, upande wa ziwa, alipiga vigelegele peke yake. Kilikuwa kishimo kipana kama chumba. Mutu mukubwa akisimama ndani, ukingo unamufika kwa kiuno. Na chini kulikuwa udongo mweusi, laini kama unga.

"Papa Moïse, njoo uone! Mungu ametupa Masisi ndogo!"

Bwana yake, Havugimana, alicheka. Wao ni watu wa milima ya Masisi. Kule hata mutoto anajua kwamba udongo muzuri unashuka bondeni, na mwenye bonde hakosi mboga.

Uwimbabazi akalima kile kishimo akiwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa anashuka saa sita ya muchana, akimaliza kufua. Siku zingine kichwa kilimuuma, moyo ukapiga mbio kama wa mutu aliyepanda mulima. Alisema ni mimba tu. Lengalenga ikaota, maharagi yakapanda miti, na pembeni akapanda maua ya manjano, ya kufurahisha macho. Muchana alipenda kukaa kwa ukingo na mutoto wake Moïse, wa miaka miwili na nusu, wakiangalia vipepeo. Wapita njia walisimama kusifu.

Mutu mumoja tu hakusifu. Alikuwa jirani, Généreuse. Yeye ni reko wa kartie, ni kusema mwanamke wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba kwa mutaa kufundisha mambo ya afya. Siku moja alisimama kwa ukingo, akakunja uso.

"Mama Moïse, hapa ni pabaya. Usilime hapa. Na mutoto asishuke hata kidogo."

"Pabaya namna gani, na mboga inanona hivi?"

"Sasa wananingoja kwa nyumba ingine. Kesho nitakuja nikueleze vizuri."

Lakini usiku ule uchungu ulimushika Uwimbabazi, akapelekwa kuzaa. Maelezo yakabaki njiani.

Akazaa musichana, mwenye nywele nyingi na sauti kubwa. Mama ya Havugimana, muzee Mukashyaka, akashuka kutoka Masisi kumusaidia. Alipika uji, alimukanda mukazana wake kwa maji ya moto, alimukataza kuinama. Uwimbabazi alimwita Mabukwe, kwa heshima, kama wanavyoita kwao mama ya bwana. Nyumba ilikuwa na furaha.

Siku ya saba, asubuhi na mapema, Mukashyaka alienda kuchuma mboga. Hakushuka. Alirudi mbio, mikono kwa kichwa.

"Ayi mama! Kuku! Kuku na watoto wake wote sita!"

Uwimbabazi alimufuata mupaka kwa ukingo, akashika mudomo. Kuku alikuwa amelala katikati ya mboga, mabawa wazi, kama mutu amemutandika. Hakuna damu. Hakuna jeraha. Vifaranga walikuwa wamemuzunguka, hawapumui. Karibu yao mujusi, naye amekufa. Hata nzi waliokuja kumula kuku walikuwa wamekufa juu yake.

"Sumu," alisema Mukashyaka. "Nani alikuja hapa kwa bustani?"

"Hakuna mutu, Mabukwe. Ni jirani tu, Généreuse. Alisema hapa ni pabaya."

"Ehe! Umesikia? Mwenye kukuambia nyumba yako itaungua, ndiye ameshika kibiriti! Lengalenga yako imemuuma macho yule."

Lile neno lilimwingia Uwimbabazi. Saa nane Généreuse alipokuja kusalimia mama na mutoto, Mukashyaka hakufungua mulango.

"Bebe analala!" alijibu kutoka ndani.

Na bebe alikuwa analia mupaka bati linaitikia.

Muchana huo, jua likiwa kali na upepo wa ziwa ukivuma, Mukashyaka alishuka kwa kishimo. Aliokota kuku na vifaranga kwa jembe. Aling'oa mboga yote, akaitupa mbali. Akamwagia udongo maji, akasali. Alitoka akishika kichwa, akasema ni uzee. Uwimbabazi aliangalia udongo ulio mutupu, machozi yakamutoka. Yalibaki maua tu.

"Usilie, mukazana. Sumu imekwisha. Na tazama, shamba la watoto la kesho limejitayarisha lenyewe."

Kwao, mutoto akitimiza siku nane, anatolewa inje aonekane. Watoto wa majirani wanaitwa. Wanakuja na vijembe au na miti, wanalima kipande kidogo cha udongo. Mukubwa anawanyunyizia maji, anapiga kelele, "Mvua! Mvua inanyesha!" Watoto wanakimbilia kwa nyumba, wanakula pamoja na mama, na kila mumoja anampa bebe jina. Mutoto asiyelimiwa ni kama hajafika duniani.

"Watalima asubuhi na mapema," alisema Mukashyaka, "kungali baridi. Udongo wa kile kishimo ni laini, hawataumia mikono kwa mawe."

Asubuhi ya siku ya nane haikuwa na upepo hata kidogo. Ziwa lilikuwa kimya. Moshi wa mbabula, jiko la makala, ulitambaa chini. Havugimana alikuwa ameenda kuazima mabenchi kwa kanisa. Watoto walijaa kwa uwanja, kila mumoja na kajembe kake, wakisukumana.

"Mimi nitamwita Fanta!"

"Fanta ni jina ya mutu, we mujinga?"

"Na wewe Alliance, mama yako hajaitwa, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kula," alijibu Alliance. Alikuwa mutoto wa Généreuse, wa miaka sita, na hakuwa na haya.

Uwimbabazi alisimama kwa mulango, bebe kwa kifua. Mukashyaka alikuwa anachota maji ya kunyunyiza. Moïse hakungoja. Alishika kamuti kake, akakimbia mbele ya wote, akateremuka kwa kishimo.

Alipiga udongo mara mbili. Akakaa. Akalala ubavu.

Watoto walicheka kwa ukingo. "Moïse amelala! Moïse, kumekucha!"

Moïse hakugeuka.

"Nitamwamsha," alisema Alliance, akaweka muguu mumoja chini.

"Alliance! Rudi! Mutu asishuke! Hata mumoja asishuke!"

Ilikuwa sauti ya Généreuse. Alikuwa amekuja kumutafuta mutoto wake, na alipoona watoto wamepanga mustari kwa ukingo, aliruka mawe kama mutu anayefukuzwa. Alimuvuta Alliance kwa nguo, akamutupa nyuma.

Hapo Uwimbabazi alielewa kwamba Moïse hakuwa analala. Alipiga kelele, akakimbia kuelekea kishimo, bebe angali kwa mikono. Généreuse alimukamata kitenge.

"Niache! Mutoto wangu!"

"Ukiinama pale na huyu mudogo, nitatoa watatu! Kaa!"

"Umemuua! Niache!" Uwimbabazi alimuuma kwa mukono, kwa meno. Généreuse hakumwachia mupaka Mukashyaka alipofika na kumushika.

Généreuse akavuta pumzi kubwa, akafunga mudomo, akabana pua. Alishuka hatua nne, amesimama wima. Akakunja magoti, akanyoosha mukono mumoja, akamushika Moïse kwa mukono wake, akamuinua kama kifurushi, akapanda. Hakuvuta pumzi mupaka alipofika juu. Hakusimama pale. Alipanda juu zaidi, kwa rundo la mawe ambako hewa inapita, ndipo akamulaza.

Midomo ya Moïse ilikuwa ya rangi ya majivu. Mikono ilikuwa milegevu.

Généreuse alimuinua kidevu, akaweka mudomo wake juu ya pua na mudomo wa mutoto, akapuliza kidogo. Kifua kikainuka. Akapuliza tena. Na tena. Uwimbabazi alipiga magoti kwa mawe makali na hakusikia maumivu. Alikuwa anasema neno moja tu, "Yezu, Yezu, Yezu."

Moïse akakohoa. Akatapika. Akalia.

Hakuna wimbo uliomupendeza Uwimbabazi kama kilio kile.

Havugimana alirudi na benchi kwa bega, akaliangusha. Walipanda pikipiki, wakamukimbiza Moïse kwa hospitali. Wakamuwekea oksijeni. Siku mbili baadaye alirudi nyumbani, akiomba muhogo.

Kesho yake asubuhi, Généreuse alikuja. Mukono wake ulikuwa na alama ya meno. Mukashyaka mwenyewe alifungua mulango, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, nilikufungia mulango."

"Nilisikia, muzee. Bebe alikuwa analala kwa sauti kubwa sana."

Wakacheka kidogo, ule ucheko wa watu walioponea. Kisha Généreuse akachukua tete refu, akafunga majani makavu kwa ncha, akayawasha. Walisimama kwa ukingo, watoto wakiwa mbali. Akateremusha tete polepole. Moto uliwaka vizuri. Ulipofika chini ya ukingo, ukazimika. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na maji. Ulizimika kama mutu ameufunika kwa mukono. Moshi wake haukupanda. Ulilala.

Mukashyaka alirudi nyuma hatua tatu. "Ni pepo!"

"Hapana, muzee. Wala pepo, wala sumu ya mutu. Sisi watu wa Goma tunaiita mazuku. Ni gazi inayotoka chini ya udongo, kwa nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Na ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo inateremuka kama maji, inajaa mahali pa chini. Mwenye kuivuta hapati hewa. Anasinzia, anaanguka, anakufa."

"Lakini mimi nilishuka!" alisema Uwimbabazi. "Nimelima miezi mitatu!"

"Ulishuka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Muchana jua linaipasha moto, upepo unaitawanya. Na wewe uko murefu, kichwa chako kilikuwa juu yake. Bado ilikugusa. Kichwa hakikuuma? Moyo haukukimbia?"

Uwimbabazi alishika tumbo lake. Alikuwa ameinama mule ndani na mimba.

"Usiku, asubuhi, na siku bila upepo, ndipo inajaa," Généreuse aliendelea. "Hapo mukubwa anasimama anaongea, na mutoto anakufa karibu na magoti yake. Mama anatandika kitenge chini, kwenye ubaridi, analaza bebe ili alime. Anamulaza ndani ya mazuku."

Mukashyaka alikaa chini. Alianza kuhesabu kwa vidole watoto waliokuja kulima. Alifika kwa kidole cha nane, akashindwa kuendelea.

"Wote wangeinama," alisema. "Mimi ndiye niliwaita. Mimi ndiye nilichagua mahali."

"Na wazazi wao wangeshuka kuwatoa, mumoja nyuma ya mwingine. Mazuku inaua hivyo, muzee. Mutu akianguka mule, usikimbilie kuinama. Ita watu wakubwa. Kama kuna kamba, funga kiuno cha mutu anayeshuka, wengine washike juu. Abane pumzi, aingie wima, atoke haraka. Akishindwa, wamuvute. Kisha mupeleke mugonjwa juu, kwenye hewa, na mukimbie hospitali."

"Na huu moto wa tete?" aliuliza Havugimana. "Nikiwasha na usizimike, tunaweza kulima?"

"Hapana, Papa Moïse. Ukizimika, ujue kifo kiko pale. Usipozimika, usiseme hakipo. Asubuhi haipo, jioni imekuja. Kishimo hiki kiacheni. Hata kitanda cha bebe kisikae chini, kiinuliwe. Na mukiona mujusi au ndege amekufa mahali pa chini bila jeraha, musitafute mulozi."

Siku hiyohiyo Havugimana alizungusha ukuta wa mawe kwa kishimo, urefu wa kifua. Akasimamisha muti na kitambaa chekundu, na ubao ulioandikwa MAZUKU. Hakuna mutoto aliyeweza kupita. Maua ya manjano yalibaki ndani, mazuri vilevile, na hakuna aliyeyataka tena. Wenye viwanja vya jirani walikuja kuangalia, wakarudi kwao kimya, wakaanza kukagua vishimo vyao. Généreuse na Uwimbabazi walipita nao. Kwa kartie moja walikuta vishimo vitatu vibaya. Kimoja kilikuwa na mupira wa watoto ndani yake.

Kwa udongo mupya, Havugimana alienda Kibati, akauleta kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Walijenga bustani juu ya jiwe, mahali palipoinuka, ambapo upepo wa ziwa hauna kizuizi. Walijaza magunia, wakatoboa matundu pembeni, wakapanda lengalenga na vitunguu. Karibu ya magunia walizungushia mawe, wakamwaga udongo, likawa tuta pana.

Baada ya wiki nne, saa tano ya muchana, watoto waliitwa tena. Généreuse aliitwa wa kwanza, akapewa kiti karibu na mama. Bebe alitolewa inje, amevimba mashavu, akikunja macho kwa jua.

"Limeni!" alisema Mukashyaka.

Watoto wakaingia kwa tuta, wakicheka. Moïse akashika kamuti kake, akaenda nao. Akainama.

"Simama!" Uwimbabazi alipiga kelele. "Moïse, simama!"

Vijembe vyote vilibaki hewani. Uwimbabazi alimubana bebe kwa kifua, akapiga hatua kwenda kumutoa Moïse. Généreuse aliweka mukono wake kwa mugongo wa mama, polepole.

"Mama Moïse. Kitenge chako kinapepea. Unaona? Hapa hewa inapita. Mwache mutoto alime."

Uwimbabazi alifunga mudomo. Aliangalia kichwa kidogo kikishuka, kikishuka, mupaka pua ikakaribia udongo. Mama hakupumua.

Moïse akainuka mwenyewe, udongo kwa uso muzima, akauliza kama chakula kimeiva.