Ndugu wa Bohari la Mjerumani

Mume wa shangazi yangu Anatolia, Protase, alikuwa kuli bandarini Bukoba, kwenye bohari kuukuu la Mjerumani linalotazama ziwa. Anayetaka kucheka acheke. Mimi nilikaa kwao Nshambya wakati ule wa ujamaa, na niliyaona.

Mchana mmoja mvua ilimkuta kazini, akaingia bohari kujikinga. Alirudi nyumbani anatafuna.

"Mzee mmoja mle kanikaribisha emwani," alisema.

Emwani ni buni zetu za kutafuna. Mhaya akikaribishwa hakatai. Lakini shangazi aliacha kumenya ndizi.

"Mzee gani? Mle hakai mtu."

"Yumo. Ila buni yake ilikuwa na chumvi."

Shangazi akamfunua shati. Chini ya kitovu palikuwa na mchanjo mbichi.

Basi tukajua. Wazee walifungana undugu hivyo, wanachanja tumbo na kulishana buni yenye damu. Ndugu wa namna hiyo akikuita, unakwenda. Na Protase hakumjua hata jina.

Akaanza kuitwa. Mchana kweupe anakula, anaweka tonge chini. "Ndugu yangu anasikia baridi," ananong'ona. Akapeleka blanketi. Akapeleka chakula. Padri alikuja kumwombea. Protase akasikiliza kwa adabu, akaaga, akaenda zake bandarini.

Shangazi alichanganyikiwa. Tulimfunga Protase kamba kwenye nguzo, mimi nikilia, kisha tukakimbia hadi ziwani. Shangazi akapiga magoti mlangoni pa bohari.

"Mwache," alinong'ona. "Nina mimba yake. Nakuomba, mwache."

Ndani mtu akatafuna. Taratibu. Karibu na mlango.

Tuliporudi, kamba ilikuwa haijalegea. Protase alikuwa amekufa. Nguo zake zilichuruzika maji, na mvua haikunyesha siku hiyo.

Tulimzika kwenye migomba. Shangazi hakulia, alikuwa amekauka. Na kwetu ndugu wa damu hamtupi mjane wa mwenzake. Kila mtu msibani alilijua hilo, hakuna aliyelitamka.

Waombolezaji walipoondoka, asubuhi yake nilifungua mlango. Ua umefagiwa. Kuni zimepasuliwa, zimepangwa kizingitini, zimelowa, zinanuka ziwa.

Shangazi alizitazama. Akashika tumbo kwa mikono miwili, ndipo akalia.