Kamera Mbili, Filamu Moja

"Kamera yako ina macho matatu, Mzee Onyancha, na hakuna hata moja linaloona," Mama Drusilla alisema kutoka upande wake wa ua. "Harusi ya Ombui uliipiga mpaka bibi harusi akatoka bila kichwa."

"Yako inazungushwa ufunguo kama saa ya mezani," Mzee Onyancha alimjibu. "Yangu ni ya betri. Na Nyanchera ameniahidi ataitumia yangu."

"Amekuahidi wewe? Mbona jana aliniahidi mimi?"

Nyanchera alikuwa akichuma majani chai na mama yake hapo karibu. Aliinamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu kikapuni. Ni kweli, alikuwa amewaahidi wote wawili, na kwa jinsi watu wa kijiji cha Ekerenyo walivyopenda habari, kufikia jioni soko lote lingejua.

Mwaka huo wa 1974, Mwalimu Walter alikuwa ameleta filamu moja tupu ya kupigia sinema, ya dakika tatu tu. Darasa la sita, alimosoma Nyanchera, lilitaka kuonyesha majani chai yakitembea yenyewe hadi kikapuni. Unalisogeza jani kidogo, unapiga picha moja, unalisogeza tena, unapiga nyingine. Nyanchera ndiye aliyetumwa kutafuta kamera, kwa kuwa hakuna mlango wa jirani asioujua.

"Filamu hii inaingia katika kamera zote mbili," mwalimu alikuwa amemwambia. "Lakini tukiiharibu, hatuna nyingine. Chagua vizuri."

Mama yake alitua kikapu. "Kwa hiyo uliwadanganya."

"Sikutaka kumuudhi yeyote, Mama."

"Na sasa umewaudhi wote. Nenda ukawaambie ukweli."

Nyanchera alikwenda uani. "Mzee, Mama Drusilla, nisameheni. Niliwakubalia nyote kwa sababu niliona aibu kusema sijui kamera ipi inafaa. Naomba tuzijaribu kabla ya kutia filamu."

Wazee hao walitazamana, kisha kila mmoja akakimbilia kwake. Muda si muda kamera zote mbili zilikuwa juu ya meza ya Mama Drusilla, na majirani wamejaa mlangoni.

Mzee Onyancha alibonyeza yake. Trrrrr. Nyanchera akagusa kitufe chake kwa ncha ya kidole tu, ukatoka mlio ule ule wa picha nyingi mfululizo. Trrrrr.

"Hiyo inapukusa tawi zima," mama yake alisema. "Sisi tunachuma majani mawili na chipukizi."

Kamera yake, Mama Drusilla alikuwa ameachiwa na mwenye shamba alikokuwa yaya, kule Nyansiongo. Ubavuni ilikuwa na kitufe kidogo. "Miaka kumi nakipangusa vumbi tu, sijui kazi yake," alisema.

Nyanchera alizungusha ufunguo, akakibonyeza. Tk. Akangoja. Haikuendelea. Akabonyeza tena. Tk.

"Moja moja," alinong'ona, na watoto mlangoni wakaanza kurukaruka.

Mzee Onyancha alifunga mkoba wake na kuondoka. Nyanchera alimkimbilia.

"Mzee, kamera yako haitufai kwa kazi hii, sitakuficha. Lakini kile kisimamio chake cha miguu mitatu tunakihitaji. Kamera ikitikisika, majani yataruka badala ya kutembea."

Mzee alijikuna kidevu. "Na nani atapima mwanga? Drusilla?" Akarudi.

Walipiga picha siku nne. Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa, ikarudi baada ya wiki tatu. Siku ya wazazi, madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi. Ukutani jani la kwanza lilijivuta kidogo kidogo, la pili likalifuata, kisha msururu mzima ukapanda kikapuni na kuzama. Akina mama walicheka hadi machozi yakawatoka. Ikabidi irudiwe mara mbili.

Wakirudi nyumbani, mama yake alimshika Nyanchera bega. "Ungeendelea kumfurahisha kila mtu, leo tungetazama ukuta mtupu. Siku nyingine, kama hujui, sema hujui, kisha ujaribu. Anayekasirikia ukweli leo, kesho atakusaidia."

"Mliona picha ilivyotulia?" Mzee Onyancha alikuwa akimwambia kila mpita njia.

"Tuliona, ilisimama kwa miguu yako," Mama Drusilla alisema, akifungua mlango wake. "Ugali wa wimbi uko mezani na mboga imeiva. Ingia ule, Onyancha, utamalizia kujisifu ukiwa umeshiba."