Sahihi Tatu za Casimir

Walikutana mwezi wa tisa katika ukumbi mkubwa jijini Milwaukee, Marekani, siku vyuo vilipopanga meza kuwavuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Ileana Burgos, koti la njano, nywele kazifunga kwa utepe mwekundu, alinyoosha mkono achukue kalamu ya bure. Casimir Dombrowski akaiwahi.

"Rudisha, mwizi wee!"

"Niambie jina kwanza."

"Mwenye kalamu."

Haikupita wiki mbili wakawa wanakula jibini la kukaanga sahani moja, na wakiagana kwa simu mpaka masikio yanauma. Wakapatana: wataomba vyuo mapema, ila maombi yasiyo na kiapo. Ukikubaliwa, una hadi mwezi wa tano kuamua. Majibu yote yakija, watakaa wachague mji mmoja.

"Na yale yenye kiapo?" Casimir aliuliza. "Wanasema yanaongeza bahati."

"Hayo ni ndoa, mpenzi. Unasaini wewe, mzazi na mshauri wa shule. Wakikukubali, unajitoa kwingine kote. Mimi sijui nitasaidiwa karo kiasi gani, nijifungeje?"

"Nakutania tu, malkia wangu."

Hakuwa anatania. Kulikuwa na chuo kimoja Boston ambacho mama yake alikitaja tangu yeye ana meno ya utoto. Mwisho wa mwezi wa kumi akakisainia kiapo. Mama akasaini. Mshauri akasaini. Moyoni akajiambia, watanikataa, wanakataa karibu kila mtu. Mama ataridhika, Ileana hatajua.

Katikati ya Desemba simu ya Ileana ikalia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwa shangazi, nakausha nywele. Mbona unahema?"

"Boston wamenikubali."

"Boston? Mbona hukuniambia uliomba..." Mashine ya nywele ikazimwa. "Yenye kiapo?"

"Ndiyo."

Walionana kesho yake mchana, kwenye duka la aiskrimu, theluji ikiteleza kiooni.

"Nawe omba hukohuko," Casimir akasihi. "Maombi ya kawaida yapo hadi Januari."

"Chuo cha hapa kimenikubali, karo yote wanalipa. Nikiache nikufuate kwenye mji uliouchagua peke yako?"

"Sikudhani watanichukua, Ile. Kweli tena."

"Wangekukataa, ungeniambia?"

Casimir akatazama vidole vyake. "Hapana."

Ileana akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akilisubiri jibu hilo. Akamsogezea kompyuta yake.

"Chuo tulichokiomba sote wawili, umeshawaambia umejitoa?"

"Bado."

"Waambie. Ndicho ulichosaini."

Akaandika mistari miwili. Ileana akasoma, akarekebisha koma moja, akangoja mpaka ujumbe ukaondoka. Kisha akavaa glavu, kidole kwa kidole.

"Hongera, Casimir. Umefanya kazi kubwa."

Casimir akamwita mara mbili. Mlango ulikwisha fungwa. Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mama yake, yupo kwa mwoka keki, anauliza waandike nini juu ya keki ya kumpongeza.

"Chochote, mama," alisema Casimir. "Waandike chochote."