Mlango Uliozibwa kwa Gunia

Kila Jumamosi, nyumbani kwao Kirua Vunjo, Hellen na Bibi Eliona walikuwa wakioka mkate kwenye chungu. Donge la unga likishaumuka, waliliweka ndani ya chungu kinene juu ya jiko la mkaa, wakafunika, kisha wakapanga makaa mengine juu ya mfuniko. Kazi hiyo waliifanyia nje, bandani.

"Donge lisipigwe na upepo," Bibi alizoea kusema. "Likipigwa halipandi."

Jumamosi moja ya mwezi wa saba mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bibi alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Baba, ambaye ni mpagazi wa mizigo ya watalii, alikuwa anateremka mlimani siku hiyo, na Hellen alitaka akute mkate wa moto. Banda lilikuwa linavuja, basi akaingiza jiko sebuleni. Akafunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia, upepo usije ukaharibu mkate.

Mdogo wake, Davis, alikuwa amejilaza kwenye kochi.

"Dada, kichwa kinaniuma."

"Kinakuuma, au umesikia harufu ya mkate? Utamsubiri baba."

"Kweli, dada. Nataka kutapika."

"Haya, tapika tuone."

Davis hakujibu tena. Hellen alipoinuka kutazama makaa, miguu ilimlegea na sebule ikazunguka. Akamwita Davis. Kimya. Akamtikisa, kichwa kikaangukia upande.

Mkate ukamtoka akilini. Alivuta gunia, akafungua mlango wote, akamburuta mdogo wake hadi barazani.

"Bibi! Davis haamki!"

Bibi, aliyekuwa anarudi, alitupa majani njiani. Alimbeba Davis mgongoni mpaka zahanati, Hellen akimfuata kwa kuyumba. Nesi akampa Davis hewa ya oksijeni, na Hellen naye akapimwa. Jioni Davis alifungua macho, akaomba maji. Baba alifika na buti zake za matope, akamshika mtoto mkono.

Bibi akamvuta Hellen pembeni.

"Mjukuu wangu, donge linaogopa upepo wakati linaumuka tu. Likishafunikwa chunguni halina habari nao. Lakini mkaa unatoa hewa mbaya, huioni wala huinusi, na ndani ya chumba inaua. Jiko la mkaa halikai ndani, hata mvua inyeshe vipi. Na mdogo wako akikuambia anaumwa, mwamini kwanza."

"Nimesikia, Bibi." Hellen alilia, na Bibi akamwacha alie.

"Sasa nenda ukakae naye," akasema mwishowe. "Tangu aamke anakuulizia."