Alama ya Saba

Kila siku baada ya shule, Chapuchapu alifua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akavuka ua kwenda kwenye karakana ya mjomba wake, fundi wa kompyuta. Nyumbani walimbandika jina hilo kwa sababu kila kazi aliianza kwa mbio, na nyingi hakuzimaliza.

Jumatano moja mjomba alikuwa akiandaa programu ya barua pepe kwenye kompyuta kuukuu ya babu. Haikuwa na picha wala rangi, bali maandishi meupe makubwa kwenye kioo cheusi. Ilimfaa babu, seremala mstaafu, kwani mtoto wa jicho alikuwa amempunguzia uwezo wa kuona. Hospitali ilikuwa imempangia upasuaji, ila ilimtaka athibitishe kwa barua pepe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo, nafasi yake ingepewa mgonjwa mwingine.

Mara mjomba akaitwa kwa mteja. Akamwachia mpwa wake karatasi ya hatua saba.

"Andika anwani ya babu, nywila, seva ya kupokea, yaani kompyuta ya mbali inayotuletea barua, seva ya kutuma, na kuendelea. Weka alama ya vema pale tu unapoona kwa macho yako kuwa hatua imekubali. Ya saba ni kujitumia barua na kuiona imefika."

"Hiyo kazi ndogo, mjomba!"

Barua za zamani za babu zilipotokea kwenye kioo, Chapuchapu alifurahi. Nje, rafiki zake walikuwa wanamwita kuruka kamba. Akaweka alama ya saba bila kujitumia barua yoyote.

"Umejaribu kutuma, mjukuu wangu?" akauliza babu, aliyekuwa ameketi kando yake.

"Nimejaribu, babu."

Babu akamtajia maneno ya barua, naye akayachapa, akabonyeza kitufe cha kutuma na kutoka mbio.

Alhamisi jioni, kompyuta ikiwa imerudishwa nyumbani kwa babu, alifungua programu kutafuta jibu. Barua ya babu ilikuwa palepale, na kando yake pameandikwa: Haijatumwa. Akajaribu tena mara mbili, ikagoma. Angeweza kunyamaza, babu asingeiona. Lakini babu alikuwa chumba cha pili akipiga pasi shati la kwendea hospitali, akipapasa vifungo kwa vidole. Chapuchapu aliona aibu kubwa. Akaenda kumweleza yote, kisha wakamwita mjomba.

Mjomba alitazama mipangilio. "Kwenye mstari wa kutuma umeandika anwani ya seva ya kupokea. Kosa hilo hata mimi nimelifanya. Ila hatua ya saba ingekuambia jana ileile. Haya, rekebisha mwenyewe."

Chapuchapu alirekebisha polepole, akatuma barua ya majaribio na kuisubiri mpaka ikafika. Ndipo akatuma ya babu. Ijumaa asubuhi hospitali ilijibu kwamba nafasi yake imethibitishwa.

Chapuchapu alimsomea babu jibu hilo mara mbili, kisha akainama. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Umesema mapema, ndiyo maana tumewahi," babu alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimetengeneza viti miaka arobaini, na kila kimoja nilikikalia kabla ya kumpa mwenyewe. Ukisema umejaribu na hukujaribu, mjukuu wangu, anayeanguka si wewe. Ni yule aliyekuamini."