Chepchirchir na Mtihani wa Mama

Kila siku akitoka shule, Chepchirchir alivua sare yake, akaikunja vizuri, akanywa kikombe cha uji na kuchukua kapu lake dogo. Kisha aliteremka shambani kumsaidia mama yake kuchuma chai. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko, mwendo mfupi kutoka mji mdogo wa Roret. Ukisimama juu, karibu na nyumba, uliona chai mpaka ng'ambo ya mto, kijani kitupu, kama zulia lililotandikwa juu ya vilima.

Siku hizi Mama alichuma kwa mikono miwili na kusoma kwa sikio moja. Alikuwa amejiandikisha katika chuo cha ufundi kujifunza kufunga nyaya za umeme. Masomo ya nadharia yalitolewa kwenye simu, na mafunzo ya vitendo yalifanyika chuoni kila Jumamosi. Asubuhi Mama alipanda mlimani palipokuwa na mtandao, akapakua somo, kisha akashuka shambani akiwa na kisikizi kimoja sikioni.

"Waya wa kijani na manjano ni wa ardhi," alijisemea huku akitupa majani kapuni.

"Na wa buluu?" Chepchirchir aliuliza.

"Ni wa kurudisha."

"Na wa kahawia?"

"Huo ndio wenye stima. Huo hauchezewi."

Jirani yao Mongina, aliyekuwa akichuma upande wa pili wa mstari, alicheka. "Mama Chep, ukiendelea hivyo hata mimea hii itahitimu kabla yako!"

"Ihitimu tu, Mama Nyabate. Italeta stima hadi kwako."

Mongina na Mama walikuwa kama ndugu. Mongina alitoka Kisii zamani, akaja kufanya kazi katika shamba kubwa la chai, baadaye yeye na mumewe wakanunua kipande cha ardhi hapo. Mwaka uliopita, Mama alipolazwa kwa ugonjwa wa nimonia, Mongina alichuma chai yao kila siku, akaipeleka kituo cha kupimia na kuipimisha kwa namba ya Mama ya mkulima, ili malipo yamfikie yeye. Baba alikuwa mjini Nakuru akifanya kazi ya ujenzi, kwa hiyo bila Mongina majani yangekomaa na kuharibika. Hadi leo, Mama akilikumbuka jambo hilo, husema "kongoi", yaani asante kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, hata kama Mongina hayupo.

Hata masomo ya Mama yaliwezekana kwa sababu ya Mongina. Jumamosi Mama alipokwenda chuoni, Mongina alichuma kwa namba ya Mama. Jumatatu, Mama alichuma kwa namba ya Mongina. Watu wengi wa eneo hilo waliishi hivyo, na Chepchirchir aliona ni jambo jema kuliko yote duniani.

Alhamisi moja kulikuwa na mtihani wa usalama. Ulifanywa kwenye simu, na mlango wake ungefungwa saa kumi na mbili jioni. Asiyeufaulu hangeruhusiwa kuingia karakana kugusa umeme, na angelazimika kusubiri kundi la mwaka unaofuata. Mama alikuwa amesubiri miaka mingi kupata nafasi ile. Usiku wa kuamkia mtihani alirudia masomo yote mpaka Chepchirchir akasinzia akimsikiliza.

"Nikifaulu," Mama alimwambia asubuhi, "Jumamosi nitakupeleka uione karakana yetu."

Lakini mchana mvua kubwa ilinyesha. Lori la majani likakwama kwenye matope, na karani wa mizani hakufika. Mama alikuwa kituoni na makapu yake, hawezi kuyaacha, kwa maana karani akifika, asiyekuwepo hapimiwi, na siku hiyo Mongina wa kumpimia alikuwa amekwenda Kisii. Simu alikuwa ameiacha nyumbani isilowe. Hata hivyo isingemsaidia huko, kwa kuwa kituo kilikuwa bondeni na mtandao haukushika kabisa.

Chepchirchir alikaa mlangoni akitazama njia. Nyabate, binti ya Mongina, aliyekuwa darasa moja naye, alikuja mbio akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Mama yako bado?"

"Bado. Na mtihani unakaribia kufungwa." Chepchirchir aligeuka kutazama saa ya ukutani. "Atangoja mwaka mzima, Nyabate. Mwaka mzima!"

Nyabate alikung'uta gunia lake. "Si umfanyie wewe? Umesikiliza masomo hayo mpaka unaota nyaya."

"Nimfanyie?"

"Mama yangu si humchumia mama yako? Namba ni ya mama yako, mikono ni ya mama yangu. Kuna shida gani?"

Chepchirchir alifikiri, na hakuona shida yoyote. Walichukua simu, wakapanda mlimani, wakajikunyata chini ya gunia moja. Namba ya siri aliijua, kwani yeye ndiye aliyemwekea Mama. Maswali mengine aliyajibu kwa urahisi. Mengine hakuyajua, akabahatisha. Swali moja liliuliza fundi afanye nini kabla ya kugusa waya. Chepchirchir alichagua jibu refu kuliko yote, kama wanafunzi wanavyofanya wakikwama.

Simu ilingoja kidogo, kisha ikaandika: *Hongera. Umefaulu.*

Wasichana wale walirukaruka kwenye matope mpaka Nyabate akaanguka. "Eeh, fundi wa stima!" alisema akicheka huku amelala chini. "Niinue basi, au unangoja nifaulu kwanza?"

Mama alirudi giza likiingia, ameloa chepechepe. Alikuwa amekimbia njia nzima. Alipotazama saa ya ukutani, alikaa kitini na kufunika uso kwa viganja vyake.

"Mama, usilie," Chepchirchir alisema, akimpa simu. "Nimekufanyia. Umefaulu!"

Mama alisoma maneno yale. Akayasoma tena. Uso wake uling'aa, kisha ukazimika.

"Wewe ndiye uliyejibu?"

"Ndiyo. Kama Mama Nyabate anavyokuchumia."

Mama alimvuta, akamkumbatia kwa muda mrefu. "Kongoi, mwanangu," alisema. Lakini chakula cha jioni hakukigusa.

Ijumaa yote Mama alichuma bila kisikizi. Mongina alimtania, akamwimbia, akamuuliza kama simu imemezwa na ng'ombe. Mama alitabasamu tu. Chepchirchir alimtazama na kuanza kujiuliza. Kama alikuwa amefanya jambo jema, mbona Mama hakufurahi?

Jumamosi walifika chuoni mapema. Karakana ilinukia mbao mpya na mpira wa nyaya. Ukutani palikuwa na mbao za mazoezi, kila moja ikiwa na swichi, soketi na balbu. Wanafunzi walikuwa watu wazima wa kila aina: kijana aliyeendesha bodaboda siku za kazi, dada aliyekuwa na duka la kinyozi huko Chepilat, mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa. Chepchirchir aliketi kwenye benchi karibu na dirisha.

Mwalimu wao, Bwana Oyaro, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Aliwasalimu, kisha akasema:

"Mtihani wa juzi uliwatoa jasho. Swali la kabla ya kugusa waya, karibu darasa zima mmelikosa. Mnasema zima swichi, basi! Sally peke yake ndiye aliyelipata. Sally, njoo utuonyeshe hapa mbele."

Watu walipiga makofi. Mama alisimama polepole, akaenda mpaka kwenye ubao. Bwana Oyaro alimkabidhi testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani yake inayowaka ikigusa waya wenye umeme. Yeye mwenyewe akasimama kando, mkono kwenye swichi kuu.

"Haya, fundi. Kabla hujafungua hiyo soketi, unaanza na nini?"

Mama aliitazama testa mkononi mwake. Kisha, kwa aibu ya watu kumtazama, akanyoosha mkono wake mwingine, mtupu, kuelekea waya uliotokeza kando ya soketi.

Chepchirchir aliuona mkono ule ukisogea, akaelewa. Mama hakulijua jibu. Na yeye pia hakulijua; alikuwa amechagua tu lile refu!

"Mwalimu, ngoja!" alipiga kelele, akasimama juu ya benchi. "Si Mama! Ni mimi niliyejibu. Hilo swali nilibahatisha. Usimwache aguse, tafadhali!"

Kijana wa bodaboda aligeuka kumtazama, mdomo wazi. Chepchirchir alianza kulia, kwa maana alijua amemfukuzisha mama yake chuoni mbele ya watu wote.

Mama aliweka testa chini. "Mwanangu amesema kweli," alisema. "Lori lilichelewa, naye akanionea huruma. Yeye ni mtoto, alidhani ni kama kuchuma chai kwa namba ya jirani. Lakini mimi nilijua si sawa, mwalimu. Nilijua tangu Alhamisi, nikanyamaza. Kosa ni langu. Nitakusanya vitu vyangu."

"Unakusanya uende wapi?" Bwana Oyaro aliuliza.

"Nyumbani."

"Nimekufukuza?"

Bwana Oyaro alizima swichi kuu, akaja, akaketi kwenye benchi kando ya Chepchirchir. Alimpa leso yake.

"Mtihani huo nimeufuta sasa hivi," alimwambia Mama. "Leo asubuhi hugusi waya. Utakaa hapa na kutazama wenzako, na ninajua ni uchungu. Lakini nikuulize, Sally. Kwa nini hukuniandikia ujumbe? Unafikiri masomo haya yaliwekwa nusu kwenye simu kwa ajili ya nani? Ni kwa ajili ya watu wanaongoja lori. Mwenzako huyu wa ng'ombe, wiki iliyopita ng'ombe wake alizaa saa ya mtihani mwingine. Aliniambia kesho yake, nikamfungulia siku nyingine."

"Ndama jike," mzee wa ng'ombe alisema kwa fahari, na watu wakacheka. Hata Mama alicheka kidogo, huku akifuta macho.

"Sikujua, mwalimu. Niliogopa kuonekana nimezembea."

"Basi sasa umejua. Saa ya chakula chumba cha kompyuta kitakuwa wazi. Utaufanya mwenyewe."

Asubuhi nzima Mama alitazama na kusikiliza. Aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili, bila kujali nani anamcheka. Wenzake walipokwenda kula, yeye aliingia chumba cha kompyuta peke yake. Chepchirchir alingoja nje kwenye nyasi. Safari hii hakuwa na la kumsaidia, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kujibu.

Hatimaye Mama alitoka. "Nimekosa machache," alisema. Kisha akatabasamu tabasamu ambalo Chepchirchir hakuwa ameliona tangu Alhamisi. "Lakini nimefaulu. Ni yangu haya, Chep. Yangu kabisa."

Alasiri Bwana Oyaro alimwita tena mbele. Alikuwa amebadilisha ubao. Balbu ilikuwa inawaka. Mama alizima swichi, na balbu ikazimika. Kijana wa bodaboda alinong'ona, "Haya, fungua sasa!"

Mama hakufungua. Alichukua testa, akagusisha ncha yake kwenye waya uliotakiwa kuwa mfu. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka, nyekundu.

Mama aliruka nyuma. "Bado kuna stima!"

"Ndiyo," Bwana Oyaro alisema, naye akazima swichi kuu. "Nimeifunga swichi kwenye waya usiofaa, ule wa kurudisha, makusudi. Nyumba nyingi utakazofanyia kazi zina kosa hili. Balbu imezimika, lakini waya ungekuangusha. Ndiyo maana jibu la swali lile ni kuzima, kisha kupima kwa testa kabla ya kugusa. Leo mimi nilikuwa hapa kwenye swichi kuu. Nyumbani kwa mteja sitakuwepo."

Chepchirchir aliitazama mikono ya mama yake, ile mikono iliyochanwachanwa na matawi ya chai, akaona kwamba ilikuwa mizima. Aliikimbilia akaishika yote miwili.

Bwana Oyaro aliinama mpaka macho yao yakawa sawa. "Ulimpenda mama yako ukajibu kwa ajili yake," alimwambia. "Leo umempenda zaidi, ukasema kweli ukijua inaweza kumgharimu. Sikiliza, binti. Mizani ya chai haiulizi majani yamechumwa na nani, kwa hiyo mchumie jirani yako kila akihitaji, na usiache. Lakini ujuzi hauna mtu wa kukuchumia. Kinachoingia kichwani mwako lazima ukiingize mwenyewe, kwa sababu siku ya hatari utakuwa na kichwa chako tu."

"Nimeelewa, mwalimu," Chepchirchir alisema. "Kongoi mising."

"Mimi ndiye niseme kongoi," Mama alisema, akimshika begani. "Kwako mwalimu, kwa kunipa siku nyingine. Na kwako wewe, mwanangu, kwa kupanda juu ya benchi." Kisha akageuka kwenye ubao, akachukua testa na kuuliza, "Mwalimu, naweza kurudia tena? Nataka mikono izoee."