Neno Lililomchelewesha Sumaili

Sumaili alikutana na Amisa katika soko la Kasongo, penye wauza samaki wa Nyangwe. Amevaa nyeupe tupu, hana hereni wala wanja. Mwenye macho angejua ni mjane aliye edani. Sumaili, askari aliyerudi vitani Misri na Kiingereza chake cha kambini, alijua ila akajitia upofu. Akampokea kikapu bila kuombwa.

"Mama, hii kikapu iko muzito kuliko bunduki."

"Basi rudisha kwa mwenyewe," Amisa alijibu, huku akicheka.

Tangu hapo, kila lori la misheni alikoajiriwa lilipomleta kutoka Kabambare kuchukua mizigo, alipita sokoni. Mjane wa eda haposwi, hudokezwa tu. Sumaili akadokeza kwamba mwanamke kama yeye hakosi wa kumtunza. Amisa alielewa, akapenda. Lakini aliwajua kaka zake.

"Fumbo haiozeshe mutu," alimwambia. "Siku eda itaisha, kuja useme wazi mbele ya kaka zangu. Heri mwenye duka naye iko anangoja ile siku. Usikawie, Sumaili."

"Nitamutangulia."

Huko Kabambare, nesi Mnorwe wa misheni, waliyemwita Madamazeli, alikuwa akitafsiri kitabu cha Kiingereza cha wakunga kwa ajili ya wenzake wa kwao waliokuwa njiani kuja. Neno moja lilimkwamisha: keep, linalotamkwa kip. Mtoto asipoe, kip. Dawa iwekwe mbali, kip. Mama asiache kunyonyesha, kip. Kwa Kinorwe kila moja lilitaka neno lake, na akikosea, mtoto wa mtu atakufa. Akamwita Sumaili amweleze Waingereza walilitumiaje kambini. Sumaili akaeleza, akapiga saluti, akamwigiza sajini. Madamazeli akacheka, akamkaribisha chai mezani pake. Mzungu gani aliwahi kumuuliza kitu? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku ya eda kuisha ilikaribia, na bila karatasi ya ruhusa ya mwajiri, polisi wangemrudisha njiani. Alipoiomba, Madamazeli alisema wamalize neno kwanza, ataiandika kesho. Sumaili angeweza kusema kuna mwanamke anamngoja. Hakusema. Aliitika, akaketi, na kwa kweli alifurahi kuketi. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Alipofika Kasongo, kanzu imepigwa pasi, alimkuta Amisa mlangoni pa duka la Heri, amevaa kitenge chekundu, hina mpaka viwikoni.

"Kaka zangu waliuliza kama iko mutu mwengine mwenye neno," Amisa alisema polepole. "Watu wakanyamaza. Ulikuwa wapi?"

Sumaili akamwambia ukweli: alikuwa akimsaidia Madamazeli kutafuta neno.

"Mulilipata?"

"Tulipata mengi."

"Mengi," alisema Amisa, machozi yakimlenga. "Na miye nilikuwa nataka moja tu."

Akavuta ushungi, akaingia ndani. Sumaili alisimama palepale mpaka Heri mwenyewe akatoka, akamuuliza kwa upole anataka kununua nini.